Si kila kitu ni "mdudu": maneno ya msingi ya baiolojia kwa wanafunzi na wazazi

Ukipimwa malaria pale zahanati, majibu yakitoka utasikia, "Una wadudu wawili." Mgomba ukinyauka kibanjani, jirani atapita na kusema umeingiliwa na wadudu. Mtoto akiharisha, ni wadudu. Mahindi yakitobolewa stoo, wadudu tena. Kwa maongezi ya kusubiri gari pale njia panda ya Omurushaka, neno hilo linatosha. Kwa mwanafunzi aliye mbele ya karatasi ya mtihani halitoshi. Na kwa mkulima linaweza kuwa hasara: ananunua dawa ya kuua wadudu, anapulizia migomba yenye mnyauko, hela inakwisha, na mnyauko unaendelea kama vile hajafanya kitu.

Kwa hiyo leo tunalipasua hilo neno "mdudu" na kuona vilivyomo ndani yake. Mifano tunaichukua huku huku Karagwe na Kyerwa. Kama uko kidato cha kwanza, umesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi na sasa unakutana na Baiolojia kwa Kiingereza, anza hapa. Ukishakielewa kitu kwa Kiswahili, jina lake la Kiingereza hutalisahau, na mengine hayako mbali: seli, bakteria, virusi, jeni.

Kilicho hai na kisicho hai

Baiolojia ni elimu ya viumbe hai. Kiumbe hai hutambuliwa kwa mambo saba: hujipatia chakula, hupumua, hutoa takamwili, hukua, huzaliana, hujongea, na huitikia mabadiliko yanayokizunguka. Wanafunzi wengi hukwama kwenye mgomba. Mgomba unajongea wapi? Uangalie saa saba mchana jua likiwa kali: pande mbili za jani zinajikunja kuelekea chini kama mwamvuli unaofungwa, na jioni zinafunguka tena. Huo ni mjongeo, na hapo hapo ni mwitikio.

Neno jingine linalochanganya ni "kupumua". Mtaani tunamaanisha kuvuta hewa ndani na kuitoa nje. Katika baiolojia, upumuaji hasa ni kazi inayofanyika ndani ya seli: sukari inavunjwa ili itoke nishati. Mgomba nao unafanya hivyo, usiku na mchana. Usichanganye na usanisinuru, ambao ni kinyume chake: jani kutengeneza sukari kwa kutumia maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua. Usanisinuru hutengeneza chakula, upumuaji hukitumia.

Seli

Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili kinachoweza kuitwa hai. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama gamba la mti kwa hadubini, akaona vijumba vingi vimepangwa kama masega ya nyuki, na jina alilovipa lilimaanisha vyumba vidogo. Ndani ya seli kuna kiini, ambacho ndicho kinachoongoza kazi zake, na uteute unaoitwa saitoplazimu, na vyote vimezungushiwa utando mwembamba. Seli ya mmea ina nyongeza: ukuta mgumu nje ya utando na, katika sehemu za kijani, kloroplasti, ambazo ndizo zinazobeba rangi ya kijani inayonasa mwanga.

Seli zinazofanana zikifanya kazi moja huitwa tishu. Tishu mbalimbali zikiungana huunda ogani, kama moyo au jani. Ogani zikishirikiana huwa mfumo. Hapa mwalimu hupenda kuuliza mpangilio, basi ushike hivyo hivyo: seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe.

Na hapa kuna jambo ambalo hata wazee waliokulia kibanjani huwa linawashangaza. Ile nguzo ya mgomba tunayoiita shina si shina. Ni vitako vya majani vilivyofungana, kimoja ndani ya kingine, ndiyo maana unaweza kuimenya tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Shina lenyewe liko chini ya udongo, pale machipukizi yanapotokea. Tutalihitaji jambo hili mbele kidogo.

Sasa tuwatenganishe "wadudu"

Mdudu halisi ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Nyuki ni mdudu. Mbu ni mdudu. Fukusi anayetoboa shina la mgomba kule chini ni mdudu, na kwake dawa ya wadudu ina maana. Kupe si mdudu: mhesabu miguu, kupe mkubwa anayo minane, kama buibui. Mnyoo naye si mdudu, hana mguu hata mmoja.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu, tena seli isiyo na kiini kilichozungushiwa utando. Huwezi kumwona bila hadubini. Wapo wanaoleta kifua kikuu, kipindupindu na kimeta, lakini wengi hawana ubaya na wengine ni wafanyakazi wetu. Mtindi unaganda kwa kazi ya bakteria. Ng'oa mche wa maharage taratibu uangalie mizizi yake: vile vinundu vidogo ni makazi ya bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza mbolea ya mmea. Kipasue kinundu kimoja. Kikiwa na rangi ya pinki ndani, kiko kazini.

Kuvu, au fangasi kama wengi tunavyoita, ni kundi la peke yake. Si mmea, kwa sababu halitengenezi chakula chake kwa mwanga, na si mnyama. Uyoga ni kuvu. Ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi ni kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mnyauko wa kahawa ya robusta ulioumiza wakulima wa mkoa wetu unatokana na kuvu. Hamira nayo ni kuvu, ya seli moja. Wanaotengeneza rubisi wanamfahamu huyu hata kama hawamwiti kwa jina: ukichanganya togwa la ndizi mbivu na unga wa mtama ukaacha likae, hamira inavunja sukari bila kutumia oksijeni, inatoa kilevi na hewa ya ukaa. Lile povu ndiyo hewa yenyewe. Ukiulizwa mfano wa upumuaji usiotumia oksijeni, mfano uko nyumbani kwenu.

Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya kiumbe kingine au ndani yake na kula kwa gharama yake. Anayemfuga bila kupenda huitwa mwenyeji. Minyoo ya tumboni ni vimelea. Wale "wadudu wawili" wa malaria ni vimelea wa seli moja wanaoitwa plasmodiamu, nao si wadudu kwa namna yoyote. Jihadhari kidogo hapa: kwenye matangazo ya afya utasikia "vimelea vya magonjwa" ikimaanisha visababishi vyote, bakteria na virusi wakiwemo. Ni matumizi yanayokubalika, ila darasani tumia ile maana finyu.

Virusi wako mbali na wote hawa. Virusi si seli. Ni chembe ndogo mno kuliko bakteria, yenye maelekezo ya kujizalisha yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Haili, haipumui, haikui. Ikiwa nje ya seli ya kiumbe haifanyi lolote. Ikiingia, inailazimisha seli hiyo kutengeneza virusi wengine. Ndiyo maana wanasayansi bado wanabishana kama virusi wahesabiwe kuwa hai.

Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Viuavijasumu, yaani antibayotiki kama amoksilini, hushambulia bakteria. Havigusi virusi. Mafua yanaletwa na virusi, kwa hiyo kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua ya kawaida ni kutupa hela. Malaria ina dawa mseto, minyoo ina zake, fangasi wana zao. Kwa virusi vya UKIMWI tunasema dawa za kufubaza, na aliyelichagua neno hilo alichagua vizuri: dawa hazimalizi virusi wote mwilini, zinawafubaza, wanashindwa kuongezeka. Ndiyo sababu hazikatizwi.

Kisababishi, msambazaji, mwenyeji

Swali hili halikosi kwenye majaribio: malaria husababishwa na nini? Wengi wanaandika "mbu" na wanakosa alama. Kisababishi ni plasmodiamu. Mbu jike wa anofelesi ni msambazaji. Binadamu ni mwenyeji. Kwa wafugaji, ndigana kali ya ng'ombe ina mpangilio ule ule: kisababishi ni kimelea wa seli moja, msambazaji ni kupe. Mnapoogesha mifugo hamtibu ndigana, mnamkata msambazaji.

Kutoka hapo unaweza kujibu swali ambalo watu bado wanauliza: mbona mbu hawasambazi UKIMWI, ilhali wananyonya damu? Kwa sababu plasmodiamu anakua na kuongezeka ndani ya mwili wa mbu, lakini virusi vya UKIMWI hawawezi, wanasagwa tumboni mwake pamoja na damu aliyokunywa. Kunyonya damu peke yake hakumfanyi mbu awe msambazaji wa kila kilichomo kwenye damu.

Mkoa wetu wa Kagera ulijifunza neno "virusi" kwa uchungu kabla ya vitabu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini walikuwa hapa Kagera, mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijafika, watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa kutoka Uganda. Jina la shati lisingeweza kumwambia mtu ugonjwa unapitia wapi. Jina lililofuata lilisema kitu: Ukosefu wa Kinga Mwilini. Virusi hao huingia katika seli nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, na kuziharibu. Mgonjwa asiye kwenye dawa huuawa na kifua kikuu au nimonia ambayo mwili wenye kinga ungepambana nayo.

Juzi juzi tumeletewa msamiati mwingine. Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba, na Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Kisababishi ni virusi. Mwenyeji wake wa asili ni popo wanaokula matunda na kulala mapangoni, nao huwabeba virusi hao bila kuugua. Neno la kushika hapa ni kipindi cha uatamizi: muda kati ya kuambukizwa na kuanza kuonyesha dalili. Limetoka kwa kuku anayeatamia mayai, nje huoni kitu lakini ndani mambo yanaendelea. Kwa Marburg ni siku 2 hadi 21. Ndiyo maana aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani uatamizi mara mbili. Kule Bukoba ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, na wa Biharamulo Machi 2025.

Mnyauko bakteria: somo zima kwenye mgomba mmoja

Kama ningeambiwa nifundishe baiolojia ya kidato cha kwanza na cha pili kwa kitu kimoja tu, ningechagua mnyauko wa migomba.

Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka 2006 ukathibitishwa hapa Kagera. Kisababishi ni bakteria wa jenasi ya Xanthomonas, jina lenye asili ya Kigiriki linalobeba maana ya "njano". Lina sababu. Ukikata mgomba unaoumwa ukasubiri kidogo, utatoka ute wa rangi ya njano iliyopauka. Hao ni bakteria wenyewe, kwa mamilioni.

Dalili nyingine: majani yanakuwa ya njano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ukipasua ndizi unakuta doa la kahawia ndani. Dalili ni kile unachokiona. Kisababishi ni kile kinachoileta. Migomba hunyauka pia kwa kuvu, na kwa ukame.

Wasambazaji ni wawili wakubwa. Wa kwanza ni nyuki na wadudu wengine wanaofuata utamu kwenye ua la mgomba, lile la rangi ya damu ya mzee linaloning'inia mwisho wa mkungu. Wanapita ua hadi ua wakiwa na bakteria mwilini. Wa pili ni sisi na panga letu. Panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba ute na kuupeleka kwenye mgomba mzima, na likiazimwa linaupeleka kwa jirani.

Ukishajua hayo, ushauri wa maafisa ugani unakuwa na sababu, si amri tu. Kichane cha mwisho kikishatokea, ondoa ua kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Panga lipitishe kwenye moto, au lisafishe kwa maji yenye jiki, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Machipukizi usichukue kwenye kibanja chenye ugonjwa. Mgomba unaoumwa ukatwe usawa wa udongo. Zamani ilisisitizwa kung'oa shina zima na machipukizi yake yote, kazi ya jasho kweli, kwa sababu ya lile shina halisi lililo ardhini. Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hawaenei sawasawa kwa machipukizi yote, hivyo ugonjwa ukiwa bado kidogo, kukata kile kinachoumwa peke yake, kila kinapoonekana, kunaweza kuupunguza sana. Sharti ni kukagua bila kuchoka. Kama kibanja chako kimeshashambuliwa sana, mwite afisa ugani wa kata aangalie.

Dawa ya kuutibu mgomba uliokwisha kuugua hakuna. Anayekuuzia dawa ya wadudu kwa kazi hiyo anakuuzia kitu cha kuua nyuki.

Kwa nini unapita kibanja kizima?

Jibu liko kwenye neno jeni. Jeni ni maelekezo yanayorithiwa, yaliyoandikwa ndani ya seli kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Huo ni uzazi wa kijinsia, nao huchanganya: ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa.

Migomba yetu ya matoke haizai hivyo. Ina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33, na hesabu ya tatu haigawanyiki kwa wawili. Kwa hiyo mbegu haziundwi, na sisi tunakula ndizi bila kutema kokwa. Mgomba huendelea kwa machipukizi, uzazi usio wa kijinsia, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Nakala zikiwa na udhaifu mmoja, zote zina udhaifu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoa wetu uliletewa aina mpya kama FHIA-17 na FHIA-23, zilizosaidia kwa baadhi ya magonjwa, lakini mnyauko bakteria ulipofika nazo zilikuwa hazina ukinzani.

Ukinzani, kinga na usugu hukaa karibu, lakini yana wenyewe. Ukinzani ni uwezo wa mmea kuushinda ugonjwa kwa maumbile yake. Kinga ni ulinzi wa mwili wa mtu au mnyama, na chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Usugu ni wa upande wa pili: ni bakteria au kimelea aliyezoea dawa mpaka haimuui. Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati kwa kuwa amepata nafuu huwaacha hai wale bakteria wagumu zaidi. Msahihishe mtu anayesema "mwili wangu umekuwa sugu kwa dawa". Mwili hauhusiki, aliyekuwa sugu ni bakteria.

Na ile jenasi niliyoitaja, kwa wanaojiandaa na mtihani: kila kiumbe kina jina la kitaalamu la maneno mawili, la kwanza ni jenasi na la pili ni spishi. Sisi ni Homo sapiens. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, hata kama imetokana na jina la mtu au nchi. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari neno la kwanza, nyanyua kalamu, kisha pigia la pili mstari wake.